Redio za LoRa kwenye boti za Mtwara: shajara ya mradi, toka ripita moja mpaka tulipoanza kuzinyamazisha

Naandika hii ili mtu wa Kilwa, Lindi au hata Pangani akitaka kuiga asianzie sifuri. Wazo ni dogo tu. Kila boti inabeba bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo ya bei rahisi) yenye GPS na redio ya LoRa, ile ya nguvu ndogo inayofikisha ujumbe mfupi mbali, kila baada ya dakika 3 inarusha ujumbe wa baiti 20 kusema niko hapa, na pembeni kuna kitufe cha dharura. Nchi kavu upande wa Shangani kuna getiwei moja inapokea na kuonyesha kwenye ramani ya simu ya watu wa BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia pwani. Boti ziko 24, nyingi za dagaa. Wenye mradi ni BMU, mimi natengeneza simu mjini na mwenzangu ndo anaandika programu. Bodi ni za bendi ya 868 MHz, na kabla hujawasha chochote nenda kaulize TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, masafa na nguvu unayoruhusiwa, usije ukaiga kwangu halafu ukanitaja.

14 Juni 2025: kufunga

Hapa sina mengi. Bodi ilitusimamia kama 58,000 moja mpaka inafika mkononi, ukiongeza betri, bomba la PVC, mfuniko, silikoni na antena unafika 95,000 hivi kwa boti. Antena iko mita 2 juu ya maji, imefungwa kwenye mlingoti wa taa. Getiwei iko kwenye paa. Tumetumia SF10 (SF ni mpangilio wa LoRa, namba ikipanda ujumbe unafika mbali zaidi ila unakaa hewani muda mrefu), upana wa chaneli 125 kHz, kwa hiyo ujumbe mmoja unakaa hewani milisekunde 371. Ishikeni hiyo namba maana kila ugomvi huko chini unaanzia hapo.

Silikoni ya bei rahisi msinunue, kunguru wanaidonoa. Sijui wanapenda nini.

Tumejaribu maji yakiwa yamekupwa, boti zinaonekana mpaka mbali kuliko tulivyotegemea, kila mtu kafurahi na mtu kaleta ming'oko.

27 Juni 2025: bamvua

Mwezi umeandama juzi na furaha imeisha. Boti za mbali zinapotea alasiri na alfajiri, halafu katikati zinarudi zenyewe. Tukabadilisha nyaya, tukabadilisha bodi, wapi. Aliyetupa jibu ni mzee mmoja wa BMU, alikuwa anaangalia ile grafu ya kupotea akauliza, "Wanangu, hii si saa ya maji kujaa?" Na kweli bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwetu huku linajaa kwenye saa kumi saa kumi na moja, ndo muda ule ule boti za dagaa zinatoka na ndo muda zinarudi, yaani mtandao unazimika pale pale unapotakiwa.

Sababu yake ni hii. Mawimbi ya redio yanafika kwa njia mbili, moja imenyooka na nyingine inadunda juu ya maji, na antena zikiwa chini chini ukilinganisha na umbali zile njia mbili zinafutana. Ukishapita umbali fulani (kwa urefu wa antena zetu ni kama mita 600) nguvu inayopokelewa inafuata urefu wa antena zote mbili kwa kipeo cha pili, na umbali inaugawa kwa kipeo cha nne. Boti inaelea, antena yake iko mita 2 siku zote. Ya kwetu nchi kavu ndo inayozama, maji yakiwa chini iko mita 8 juu ya maji, bamvua likijaa inabaki mita 5. Piga hesabu, ni karibu desibeli 4 zimeliwa na bahari bila mtu kugusa chochote (desibeli ndo kipimo cha nguvu ya mawimbi, zikipungua 3 nguvu inabaki nusu). Boti iliyokuwa inafika kwa tabu haifiki tena.

Kuinua mlingoti wa getiwei fundi wa kuchomelea kasema laki nne na nusu, na kusi lilivyokuwa linapiga wiki ile sikutaka hata kuufikiria. Tumeenda njia ya bure, tumepandisha SF10 kuwa SF12.

13 Julai 2025: SF12 tumeitoa, ripita tumeiweka

SF12 inakupa kama desibeli 5 za ziada, kwa boti tatu nne za majaribio ilikuwa safi kabisa. Shida ni muda, ule ujumbe wa milisekunde 371 sasa unakaa hewani 1,319. Boti 24 kila dakika 3, SF10 inajaza asilimia 5 ya hewa, yaani ya muda wote wa chaneli, SF12 inajaza karibu 18. Boti zetu haziulizani nani aongee, kila moja inarusha ikijisikia, ni ule ule mtindo wa ALOHA wa chuo kikuu cha Hawaii toka 1971, na huo mtindo hesabu yake inajulikana: hewa ikijaa asilimia 18 karibu ujumbe 3 kati ya 10 unagongana. Tumeokoa boti za mbali kwa kuwaumiza wote.

Ndo tukaja kwenye ripita, redio ya katikati inayosikia ujumbe na kuurudia. Nadharia yake sio ngeni, van der Meulen aliandika habari ya kituo cha katikati kinachosaidia mtumaji na mpokeaji toka 1971, na Laneman, Tse na Wornell mwaka 2004 wakapanga vizuri zile namna za kusaidiana: unaweza kukuza tu ulichosikia na kukirusha, unaweza kukisoma kwanza ndo ukirushe upya, au ukasubiri uone kama msaada unahitajika kweli. Hiyo ya tatu ningeisoma vizuri mwezi huu ningeokoa hela, ila tutaifikia.

Faida ya ripita baharini ni kubwa kuliko nilivyodhani, kwa sababu ya kile kipeo cha nne. Ikikaa katikati, kila kipande cha safari kinakuwa nusu, na nusu ya umbali ni desibeli 12. Gharama ni kwamba redio yenyewe haiwezi kusikia na kuongea kwa pamoja, inasikiliza kwanza halafu inarudia, kwa hiyo kila ujumbe unakaa hewani mara mbili. Desibeli 12 kwa muda mara mbili, huku SF12 inakupa 5 kwa muda mara tatu na nusu. Hapo hakuna ubishi.

Halafu kuna faida nyingine sio ya desibeli: ujumbe sasa una njia mbili, na njia mbili hazifi pamoja mara nyingi. Boti ikizibwa na meli ya mzigo upande mmoja, ripita inaiona kwa upande mwingine.

Tumeifunga kilimani Mikindani, juu kabisa, siku za mbalamwezi wakati boti za dagaa zimepumzika. Ripita na paneli ya sola ya wati 10, betri na bomba, 185,000. Boti chache zilizokuwa nje zinaonekana zote.

29 Julai 2025: ripita ya kilimani inaua boti za karibu

Giza la mwezi limeingia, boti zote 24 ziko nje na taa zao, na nahodha mmoja wa Msangamkuu kanipigia. "Bwana fundi, mimi nilikuwa naonekana toka mwanzo, tangu mmeweka lile dude mlimani ndo napotea." Nikamwambia haiwezekani, nikaangalia rekodi, anasema kweli tupu.

Ripita ilikuwa inarudia kila kitu, hata ujumbe ambao getiwei imeshaupokea wenyewe bila msaada. Na kwa kuwa iko juu, sauti yake inafika Shangani ikiwa na nguvu kuliko ya boti yoyote. Kwenye LoRa ujumbe mbili za SF moja zikipandana, yenye nguvu zaidi kwa kama desibeli 6 inapona, nyingine inakufa, kwa hiyo kila ripita ikirudia, boti dhaifu inayoongea wakati ule imeliwa. Ripita inajaza asilimia 5 ya hewa, na ujumbe wa boti unaharibika ukipandana nayo mwanzo au mwisho, kwa hiyo mmoja kati ya kumi unakufa kwa ajili ya marudio ambayo mengi hayakuhitajika na mtu. Boti za mbali zimepata, za karibu zimelipa.

Na haikuishia hapo. Kule juu inasikia mpaka mjini, kuna watu wengine wana vifaa vyao vya LoRa kwenye chaneli ile ile, na programu yetu ilikuwa inarudia na ujumbe wao!! Mwenzangu kaongeza ukaguzi wa namba ya mtandao, mistari miwili mitatu ya programu, imeisha. Ila kuwasumbua hakujaisha kwa hilo, maana hata tukirudia vya kwetu tu, kila tukiongea toka kilimani tunawafunika wao pia. Nilikuwa najiuliza juu zaidi ni bora zaidi, jibu ni kwamba juu zaidi ni kusikia zaidi na kusumbua zaidi, na vyote vinakuja kwenye bei moja.

Kule Ulaya sehemu kubwa ya bendi hii kifaa kinaruhusiwa kuwa hewani asilimia 1 tu ya muda. Ripita yetu iko 5. Hata kama sheria yako ni nyingine, ile namba ni kipimo kizuri cha adabu.

11 Agosti 2025: kushuka chini

Ripita imetoka kilimani. Moja imewekwa pwani Naumbu, nyingine tumeomba mnara wa msikiti Msangamkuu, kamati imekubali kwa sharti kwamba haitagusa waya wa spika, haki yao kabisa. Nguvu tumepunguza mpaka pale inapofika Shangani na salio kidogo la bamvua, basi. Ripita ya pili 160,000 kwa sababu paneli tulipewa.

Sasa kijana wetu wa programu kaja na wazo: kama ripita mbili zinasaidia, kwa nini kila boti isiwe ripita? Bodi wanazo tayari, gharama sifuri. Meshtastic, programu ya bure ya redio hizi za LoRa, inafanya hivyo, na ina ujanja mzuri, aliyesikia ujumbe kwa udhaifu ndo anarudia wa kwanza kwa sababu huenda yuko mbali zaidi, wengine wakimsikia wanaacha. Tumeiga ule ujanja. Niliupenda, sisemi uongo.

25 Agosti 2025: boti zote ripita, imeanguka

Giza lingine, na imekuwa mbaya kuliko hata bila ripita kabisa. Ilikuwa kama mnada wa samaki pale Feri, kila mtu anataja bei ya mwenzake kwa sauti.

Ule ujanja wa kuacha ukimsikia mwenzio unafanya kazi kama kweli unamsikia. Boti za dagaa hazikai pamoja, nyingine ziko nyuma ya ncha ya Msangamkuu, nyingine huku Naumbu, antena zao mita 2, hazisikiani hata kidogo ila getiwei inazisikia zote. Kila kundi linadhani liko peke yake na kila kundi linarudia. Rekodi zinaonyesha ujumbe mmoja unarudiwa na boti sita hivi. Asilimia 5 ya hewa mara saba ni 35, na kwa ALOHA ukifika 35 nusu ya kila kinachorushwa kinagongana. Na kinachogongana hakijulikani kimegongana, kwa hiyo hakuna anayenyamaza.

Kuna kitu kingine hatukukitegemea: betri. Boti zilizokaa katikati ya kundi zilimaliza chaji kabla ya alfajiri kwa kuwabebea wenzao, na nahodha mwenye betri iliyokufa hajali kwamba amemsaidia mtu wa Naumbu. Mmoja kaichomoa kabisa bodi, tumembembeleza wiki nzima.

Asubuhi yake tumezima. Boti hazirudii tena ujumbe wa kawaida, za dharura tu.

10 Septemba 2025: kusaidia anayehitaji tu

Hapa ndo nikarudi kwenye ile namna ya tatu, ripita isubiri, getiwei ikisema nimepokea basi inyamaze. Ukiisoma inaonekana imemaliza kila kitu, ukiifunga unakutana na shida yake, kwamba lile "nimepokea" nalo ni ujumbe. Jibu fupi kabisa la SF10 ni robo sekunde, tunapata ujumbe 8 kwa dakika, kwa hiyo getiwei inaongea sekunde 2 kila dakika na muda huo wote ni kiziwi. Tulijaribu na upotevu ukahama tu toka hewani ukaja kwenye paa letu wenyewe.

Dawa iliyokaa ni hii, na kama unaiga kitu kimoja tu kwenye shajara hii iga hiki. Getiwei haijibu kila ujumbe. Kila dakika inarusha pakiti moja yenye biti 24, boti moja biti moja, moja maana yake nimekusikia, sifuri maana yake sijakusikia. Biti 24 ni baiti 3, na kichwa cha pakiti baiti 8, jumla milisekunde 289. Ripita zinaishika, zinafuta kwenye kumbukumbu zao kila boti iliyopokelewa, na zilizobaki zinapakiwa pamoja kwenye pakiti moja na kurushwa. Kupakia pamoja nako kuna faida yake, nafasi tatu ndani ya pakiti moja ni milisekunde 535, zikienda moja moja ni 1,113.

Naumbu inaongea kwanza, Msangamkuu inasikiliza, na kilichokwishapelekwa na Naumbu inakifuta. Kama hazisikiani vizuri usiku ule, pakiti moja itajirudia, sio mbaya. Ripita kwa wastani sasa iko chini ya asilimia 1 ya muda hewani, toka 5.

Hasara yake: boti ya mbali inaweza kuchelewa kuonekana kwa dakika moja na kidogo. Kwa nafasi ya boti hiyo hatujali. Kwa dharura tunajali, ndo maana kitufe cha dharura hakifuati zamu, kinarushwa papo hapo na kila anayesikia anarudia, boti na ripita, pakiti ina namba yake ili mtu asiirudie mara mbili. Kelele ya dharura inatokea mara chache, kugongana kidogo tutavumilia.

24 Septemba 2025: bamvua kubwa

Mwezi umeandama tarehe 21 na jua liko juu ya ikweta, hizi ndo siku maji yanajaa kuliko kawaida, boti zote ziko nje, hakuna mtihani mkubwa zaidi ya huu. Nimelala kwenye getiwei. Saa kumi alfajiri ujumbe wa moja kwa moja umeshuka kama mwezi Juni, zaidi ya nusu ya boti za mbali biti zao sifuri, na ripita zimebeba. Hakuna boti iliyopotea kwa muda mrefu. Boti za karibu hazijaguswa, nimempigia yule nahodha wa Msangamkuu kumuuliza anaonekana kwake vipi, kanijibu yuko usingizini na mimi nilale.

26 Oktoba 2025: redio mbili kwenye boksi moja, na kitufe

Tuliona tujaribu kumaliza kabisa mgongano, ripita isikilize kwenye masafa moja na iongee kwenye masafa mengine, na getiwei iwe na bodi ya pili. Kwenye karatasi boti na ripita hazigusani kabisa. Bodi mbili zikiwa boksi moja pale mnarani, ya kurusha ikianza ya kusikiliza inakuwa kiziwi, masafa tofauti lakini antena zimepakana na redio hizi hazina kichujio cha maana. Ukizitenganisha antena kwa wima mita kadhaa inapungua, ila mnara sio wetu na kamati ilishakubali antena moja. Tumeacha. Bodi, waya na antena za hili jaribio 210,000, bodi tumezirudisha kwenye akiba, waya ndo hasara.

Kitufe nacho: tenga la dagaa limekikandamiza usiku na mtandao mzima ukaanza kupiga yowe la dharura, boti zikarudia, watu wakaamshwa, wawili wakawasha injini kwenda kuokoa boti iliyokuwa inavua vizuri tu. Sasa lazima ushikilie sekunde 4, na bodi ikirusha dharura inalia filimbi ili nahodha ajue.

9 Novemba 2025: hela, na kinachofuata

Boti 24 zimekula 2,280,000. Ripita mbili 345,000, getiwei na simu yake 420,000, jaribio la masafa mawili 210,000, na nauli, pantoni na vocha sikuandika vizuri ila haipungui laki mbili. Ripita ya kilimani ndo ile ile ya Naumbu, haikupotea kitu. Ukianza leo na njia ya biti 24 toka mwanzo unaokoa jaribio la mwisho na ugomvi mwingi na manahodha.

Kaskazi linakuja na tunajaribu kitu kimoja zaidi, kushusha boti kutoka SF10 kwenda SF9. Ujumbe unakuwa milisekunde 185, yaani hata ukirushwa na boti na kurudiwa na ripita jumla ni ile ile 371 ya mwanzo. Tunapoteza kama desibeli 2 na nusu za kwenda moja kwa moja, na kwa kuwa ripita zina akiba ya 12 nadhani tutazimudu, ila biti za sifuri zitaongezeka na ripita zitafanya kazi zaidi, sasa swali ni kama zitabaki chini ya asilimia 1. Boti sita zimeshabadilishwa. Zilizobaki tunasubiri giza la tarehe 20, tuone hizi sita zinavyokwenda na wenzao wote wakiwa nje.